Kidole Gumba Kwenye Sabuni

Juzi nilikuwa gereji moja ya Mafiga, mtoto mgongoni, nikisubiri gari la shemeji. Mbele yetu alikuwepo mzee kutoka Mkuyuni na kigari chake cha zamani, kinanuka petroli na kuzimika njiani.

Fundi alitoka uvunguni. "Mzee wangu, pampu unayoilaumu ni nzima. Tenki limetoboka, mafuta yanaishia barabarani. Kuna mtu aliliziba kwa sabuni ya mche, sasa imeachia pembeni. Naibandua, tuzibe vizuri."

"Usiibandue!" Mzee alipiga goti kwenye oili. "Aliiweka mama watoto. Alama ya kidole gumba chake imo humo. Ni marehemu sasa."

Nilitegemea kicheko, maana mafundi wale hutania kila kitu. Fundi akazima redio.

"Ikibaki utaungua na gari, baba."

Akarudi uvunguni na wembe, akaikata pembeni taratibu kama anayemnyoa mtoto mchanga. Alitoka na sabuni nzima kiganjani, akaifunga kwenye gazeti, akampa mzee kwa mikono miwili.

Mzee aliifungua palepale, akaweka kidole gumba chake kwenye kile kishimo. Hakikuenea.

"Siku ile nilimgombeza," alisema. "Nilimwambia sabuni ni ya kufulia."

Jana mume wangu aliyeyusha kandambili yangu kuziba ndoo inayovuja. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimfokee. Nikaufunga, nikaenda kuitazama ile ndoo.