Siko wa Vile

Juzi kazini, hapa Lubumbashi, kijana mmoja wa dukani kwetu alinitazama kuanzia kola mpaka viatu akasema, "Grand frère, leo umevaa bien, vraiment. Minye siko wa vile, ée!" Watu wakacheka. Mama wa kasha, anayepokea pesa za wateja na ambaye anapenda mabishano kuliko chakula, akauliza kama maneno hayo ni tusi au ni mchezo. Mmoja akasema ni mchezo, chumvi tu ya mazungumzo. Mwingine akasema labda ni tusi kwa wanaume wanaopenda wanaume, ila kwa kuwa hapa dukani hawapo, halimuumizi mtu. Kisha wakanigeukia mimi, mkubwa wao, nikate shauri. Nilicheka pamoja nao, nikasema ni mchezo, nikarudi kuhesabu mabati ya kuuza.

Kwako wewe, rafiki yangu, sitaki kujibu kwa mkato namna ile. Lazima nikupeleke Likasi kwanza.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, ambaye mimi na mtaa mzima tulimwita nkambo. Malori ya chokaa ya machimbo ya Kakontwe yalipita mbele ya nyumba na kuacha unga mweupe juu ya udongo mwekundu, naye alifagia asubuhi, akafagia tena mchana, akiwatukana madereva kwa Kibemba ili Mungu asielewe vizuri. Nyaya za umeme wa bwawa la Koni zilipita juu ya paa letu kwenda kwa wenye migodi, na sisi tulipikia mbabula, jiko letu la makaa lenye matundu. Mwezi wa sita baridi ya Likasi inauma mpaka kwenye meno. Tuliizunguka ile mbabula tukinywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, uliopashwa moto kidogo, huku bibi akitwanga sombe, majani ya muhogo, na mpaka leo nikisikia kinu kikigonga mahali nasikia njaa, hata kama nimetoka kula.

Jumapili baada ya kanisa ilikuwa siku ya vichwa. Jumatatu asubuhi mwalimu alipita kati ya madawati akipapasa kichwa kimoja kimoja, na akikuta nywele zimejaa, unarudishwa nyumbani. Hakuna anayeona kisogo chake mwenyewe, basi kila mtoto wa mtaani alikuwa na mnyoaji wake, na hakumbadilisha ovyo. Wangu alikuwa mtoto wa jirani. Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma, mmoja juu mmoja chini, na beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni ya bluu na wembe. Anayenyoa anashika paji la uso wa mwenzake ili kichwa kitulie. Anayenyolewa hatakiwi kucheka, na sisi tulicheka, ndiyo maana tulikuwa na makovu. Nilizipenda Jumapili zile, nakuambia wazi. Nilimpenda yule mtoto kama mtu anavyompenda rafiki wa kwanza, yule ambaye hukumchagua, ulimkuta tu ng'ambo ya ua.

Halafu kaka yake mkubwa akarudi kutoka Lubumbashi na simu iliyojaa nyimbo, na pamoja na simu akaleta lile neno. Mwanaume akimsifu mwanaume mwenzake, akimshukuru, akimwambia chochote cha moyoni, lazima amalizie: siko wa vile. La sivyo kaka mkubwa na genge lake wanapiga mluzi. Katika muda mfupi mtaa wote ulishikwa. Umefunga bao zuri, siko wa vile. Nipe bega nipande ukuta, siko wa vile. Mtoto mmoja alijisahau akamwambia mchungaji mahubiri yalimgusa sana, siko wa vile, akapewa kofi na mama yake mbele ya waumini. Bibi, kila aliposikia neno hilo uani kwake, alijibu bila kuinua uso kutoka kwenye kinu: "Nani alikuuliza?" Alijibu hivyo mchana kutwa, na sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nami nilikuwa nalisema. Nililisema kama wengine, kwa mdomo mwepesi, mpaka nilipofika umri ule ambao wenzangu walianza kuzungumza habari za wasichana na mimi nikawa najitafuta ndani bila kuona walichokiona wao. Sikuwa na jina la kitu hicho. Nilijua tu kwamba lile neno linamhusu mtu fulani, na nilianza kuogopa kwamba mtu huyo ni mimi. Tangu hapo likawa linanikwama. Nikilisema, nahisi nimejifungia mlango kwa nje. Nisiposema, kila mtu ananigeukia. Kabla halijaja, kunyamaza kulikuwa kunyamaza tu. Sasa kunyamaza kukawa ndiyo kukiri.

Jumapili moja zamu yangu ilikuwa ya kunyolewa kwanza. Rafiki yangu alikuwa amefika katikati, upande wa kulia kweupe, upande wa kushoto nywele tele. Akasema, "Kichwa yako iko muzuri ya kunyoa, haina milima. Siko wa vile." Mimi nikasema, "Asante. Weye njo rafiki yangu ya kweli." Nikaishia hapo.

Wembe ukasimama. "Malizia," akasema.

"Nimemaliza."

"Apana. Malizia, bwana."

Alikuwa anacheka, kisha akawa hacheki. Kaka yake alikuwa ameegemea ua upande wa pili akitutazama. Sikukataa kwa ushujaa, usije ukanisifu bure. Nilikuwa nimechoka tu, na nilitaka sentensi ile moja ibaki ilivyo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nilihisi kiganja chake kikitoka kwenye paji langu. "Kama hausemi, minye siwezi kukamata kichwa yako," akasema kwa sauti ya chini, na nikasikia kwamba anaogopa. Akaweka wembe kwenye beseni, akaruka ua, akaenda kwao.

Bibi macho yake yalikuwa yameshaharibiwa na moshi, hakuweza kumalizia. Nilijaribu mwenyewe kwa kupapasa, nikajikata, nikaacha. Jumatatu nilikwenda shule nikiwa na kofia ya sufu, na mwalimu akaivua.

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu, ambaye hakuwa mtu mbaya na alikuwa na mafua siku hiyo, akauliza ni nani ameniacha vile. Kila mtu alijua mnyoaji wangu ni nani. Rafiki yangu akasimama, akatazama dawati lake.

"Alikataa kusema," akajibu.

"Kusema nini?"

Hakuhitaji kueleza, waliokaa dirishani wakaanza kulitamka kwa pamoja, wakigonga madawati. Mwalimu akapenga kamasi. Akanitazama, akatazama saa yake, akasema, "Bon. Sema basi, tuendelee na hesabu."

Wote walinigeukia. Mlango wa darasa ulikuwa wazi kabisa, jua la baridi limekaa kizingitini, na sikuwa na pa kutokea. Nilisema. Nilisema kwa sauti, neno zima, na wakanipigia makofi kama mtu aliyepona homa. Kisha tukafungua madaftari. Wakati wa mapumziko rafiki yangu alininyoa upande uliobaki kwenye bomba la maji, kwa wembe wa kuchongea penseli. Alifanya polepole sana, asinikate, na alikuwa na furaha ya kweli. "Umeona?" akaniambia. "Ni blague tu, mchezo. Haikukuuma." Tuliendelea kunyoana miaka mingine mingi. Sikuacha tena sentensi wazi.

Kwa hiyo dukani wakiuliza kama ni tusi, nifanyeje? Hakuna aliyenitukana. Wangenitukana ningejua pa kupeleka hasira. Walinipa tu mlango mmoja wa kupitia, mdogo, na wakaushika wazi kwa upendo, na kila ninapotaka kumwambia mtu jambo jema lazima niiname nipite pale. Inanichosha. Nina miaka thelathini na kitu, sijaoa, ninajijua vizuri, na bado nainama.

Msimu wa baridi uliopita nilikwenda Likasi. Bibi alishatutoka, na mahali pa uwanja wake pana ghala la saruji. Hakuna ua, hakuna ngazi ya nyuma, na watoto wananyolewa kwa mashine barabarani. Rafiki yangu sasa ndiye dereva wa lori la chokaa, mmoja wa wale ambao bibi angewatukana. Mkewe alitupikia bukari, ugali wetu, na samaki wakavu, akamkanya mumewe aliponiuliza bibi harusi wangu yuko wapi. Tulikula mpaka tukalegeza mikanda. Wakati wa kuagana alinisindikiza hadi barabarani, mwanga bado mwingi, watoto wake wa kiume wakicheza kwenye magurudumu ya lori. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, iliyokauka kwa chokaa.

"Ndugu yangu, nilikukumbuka sana," akasema. "Vraiment, sana." Macho yake yalikuwa yamelowa. Halafu akavuta pumzi. "Siko wa vile, ée!" Watoto wakacheka pamoja naye.

"Minye pia nilikukumbuka," nikamjibu.

Hakuniachia mkono. Alikuwa anatabasamu, ananisubiri, na watoto wale nao wameacha mchezo wananisubiri. Nikakumbuka kwamba zamani, kabla ya ile simu, mtu aliweza kumwambia mwenzake jambo kama hili na kunyamaza, na mwenzake akalisikia, na wote wawili wakakaa nalo bila kuulizana. Nyumba inaweza kujengwa tena, ua unaweza kupandwa. Unyamavu ule sijui mtu angeurudisha kwa njia gani.

Nikamalizia. Akapumua, akanipiga bega kwa furaha, akaniita ndugu. Maneno yangu ya mwisho aliyasikia vizuri. Yale ya kwanza, ambayo ndiyo niliyotoka Lubumbashi kumletea, sijui kama aliyasikia.