Mama wa Kabichi Aliyewapa Watoto Vyeo

Jumanne nikiwa nanyolewa, kinyozi alisimamisha mkasi akaniuliza kama nimesikia: yule mama wa Kiluguru aliyekuwa akiuza karoti na kabichi sokoni Mwembesongo amefariki, na ameshazikwa kwao mlimani, karibu na misheni. Nusu ya kichwa changu ilikuwa imenyolewa na nusu bado, na hivyo ndivyo nilivyoupokea msiba wa mtu aliyeniokoa na aibu mara nyingi kuliko padri wangu.

Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka miaka ile maduka yalipoanza kujaa. Wazazi wetu hawakusumbuliwa na watoto dukani kwa sababu dukani hamkuwa na kitu. Utalilia rafu tupu? Ghafla biashara ikafunguliwa, na kila kibanda kikafurika biskuti za ng'ambo, pipi za rangi zote na wanasesere wanaofumba macho. Mke wangu alikuwa na zamu kiwandani kila Jumamosi asubuhi, kwa hiyo kwenda sokoni na mapacha wetu wa kike, Kulwa na Doto, wenye miaka minne, ilikuwa kazi yangu. Jumamosi moja Kulwa aliona biskuti, nikamkatalia, akajitupa chini akapiga kelele kama anayechinjwa. Watu wakanitazama mimi, si yeye. Ndipo mama yule akatoka nyuma ya meza yake, akatandika gunia, akalala kando ya mwanangu na kuanza kurusha miguu. "Na mimi nataka! Nataka kabichi! Ninunulieni kabichi!"

Kulwa alinyamaza, mdomo wazi. "Bibi, kabichi si zako?"

"Zangu? Kumbe!" Akainuka, akajikung'uta, akachagua kabichi ndogo na kumfunga Kulwa mgongoni kwa kipande cha kanga. "Huyu kasinzia. Ukipiga kelele ataamka, na akiamka utambembeleza mwenyewe." Doto naye akatumwa kutafuta karoti yenye miguu miwili. Nilinunua mahitaji yote kwa amani, huku mmoja akinyata na mwingine akikagua karoti moja moja kama bwana afya. Taabu ilikuja nyumbani, Kulwa alipokataa mwanawe akatwe. Tulikula maharage siku tatu, na kabichi ikalala kitandani kwetu, katikati. Siku ya nne Kulwa mwenyewe alitangaza kwamba mtoto amekua, sasa apikwe.

Nikajiona nimehitimu. Wiki chache baadaye, katika duka jipya la mjini lenye sakafu ya vigae, Doto alililia mwanasesere. Bila kusita nikalala chali na kulia kwa sauti. Nilipofumbua macho, mkuu wangu wa kazi alikuwa ameniinamia, yeye na mkewe.

"Shikamoo, mzee," nikasema pale pale chini.

"Marahaba. Unaumwa?"

"Hapana, mzee. Nalea."

Doto alinivuta shati. "Baba, inuka. Watu wanatuangalia."

Nilipomsimulia mama yule, alicheka mpaka akashikilia meza. "Baba Mapacha, kulala kila mtu anaweza. Baada ya kulala, ulimpa kazi gani?" Nikakiri kwamba sikumpa yoyote. "Basi ulilala bure. Mtoto halilii biskuti, analilia cheo. Wewe unanunua, mimi nauza. Yeye kaja kufanya nini?"

Swali hilo sijalimaliza hadi leo. Kila nikipita sokoni naona wazazi wanavyowaburuta watoto kama mizigo: usiguse, kaa hapo, twende. Sisi wakubwa tulipewa uhuru wa kuchagua kati ya sabuni za kila aina, tukaufurahia kweli kweli, lakini tukasahau kuwagawia wadogo hata fungu la mchicha. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, nasi tukaelewa kukunja ni kufinya sikio. Mama yule hakumfinya mtu. Aliamini kwamba mtu wa miaka minne anaweza kukabidhiwa nyanya azichague.

Kwa hiyo Jumamosi ukienda na mwanao sokoni, usimwambie asiguse. Mwambie akuchagulie. Atachagua vibaya, nawe utakula alichochagua, na utasema ni kitamu.