Jina Aliloliogopa Njoki

Sisi wa mtaa wa Free Area tulimjua Wariara kwa vitunguu na kwa kifafa, na vyote viwili hakuvionea haya. Akianguka sokoni, akizinduka huuliza kwanza nani amekalia vitunguu vyake.

Mwanawe Waithaka alipopata binti mwaka 1968, jina lilikuwa linajulikana. Kwa Wakikuyu, binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba, hakuna kupiga kura. Lakini Njoki, mkewe, aliogopa kwamba ugonjwa ungekuja na jina. Akamwita mtoto Muthoni, jina la mama yake mwenyewe. Waithaka, bingwa wa kelele kwenye baa, nyumbani alitulia kama maji ya mtungi. Wariara aliumia sana, ila uji wa mzazi aliuleta.

Muthoni alipofika miaka sita, akaanguka darasani.

Njoki akampeleka kwa Daktari Amrit. Alipoulizwa kama kuna mwingine nyumbani mwenye kifafa, akajibu hakuna. Mtoto akapewa vidonge. Kuanguka kulikoma, lakini akawa anapepesuka kama mlevi wa Jumamosi na kusinzia juu ya sahani. Mwalimu akasema abaki nyumbani. Njoki akataka kuvitupa vidonge, lakini bila dawa mtoto angeweza kuangukia jiko.

Siku ya kurudi kwa daktari, Wariara hakungoja kualikwa. Alijipachika kitini.

"Daktari, wa kwanza kuanguka ni mimi," akasema. "Na hii dawa walinipea nikayumba hivyo hivyo, mpaka kanisa ikasema nakunywa. Wakapunguza, nikawa sawa."

Daktari alimtazama Njoki. Njoki alitazama viatu. Daktari akaeleza kwamba ugonjwa huu unaweza kufuata damu, na huenda hata namna mwili unavyoiondoa dawa: wengine upesi, wengine polepole hadi inajazana. Akapunguza kipimo. Haikuchukua muda, Muthoni akawa anaruka kamba.

Binti wa pili alipozaliwa, Njoki alimbeba mwenyewe hadi kwa mama mkwe.

"Mama, huyu ni Wariara. Nilikukosea."

Wariara alimpakata mtoto, akamkagua kama anayekagua vitunguu.

"Uliogopa jina bure," akasema. "Nyanya yangu, yule nilipewa jina yake, hakuanguka hata siku moja."

Njoki akalia. Wariara akamwambia apunguze machozi, Wariara mdogo analowa.