Kura ya Opereta

Kwa miaka ishirini na saba, kila aliyepiga simu hospitali ya wilaya alipokelewa na sauti ileile: "Hospitali, habari za leo, nikuunganishe na nani?" Wengi walidhani ni sauti ya bwana mkubwa mwenye kitambi na tai. Mwenyewe alikuwa mwembamba, shati lilimning'inia mabegani, na alivaa miwani myeusi kufunika macho ambayo surua iliyachukua akiwa na miaka sita. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye vyeti. Hospitali nzima na mtaa mzima walimwita Opereta.

Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi na hakikuwa na dirisha. Aliyekigawa alisema waziwazi kwamba huyu dirisha ataliangalia la nini. Opereta hakununa. Aliomba feni, kwa kuwa joto, alisema, halibagui macho, na feni ikaletwa. Mbele yake palikuwa na ubao wa simu wenye vitufe hamsini, kila kimoja kimebandikwa nukta nundu alizozichoma mwenyewe kwa sindano. Wodi ya wazazi, maabara, stoo, mganga mkuu, chumba cha maiti: vidole vyake vilipita hapo upesi kuliko macho ya watu wengi.

Sheria ya kazi aliyofundishwa siku ya kwanza ilikuwa fupi: unganisha, kisha toa sikio. Lakini sikio halina kope. Alisikia madaktari wakiomba uhamisho kwa siri, wauguzi wakigombana na waume zao, na mganga mkuu akibembeleza mtu ambaye hakuwa mke wake. Hakuna neno lililotoka chini ya ngazi. Watu walisema Opereta ana kifua, na walisema kweli. Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba mtu huyu aliyetunza siri za kila mtu hakuwahi kuruhusiwa kuwa na yake mwenyewe, hasa siku ile moja ambayo hata mlevi wa mtaa hupewa pembe yake ya kujifichia. Nazungumzia siku ya kupiga kura.

Chaguzi tano alipiga kura kwa mkono wa mkewe. Mkewe alikuwa mfua nguo wa hospitali, mwanamke wa maneno machache na mikono yenye nguvu, na ndiye aliyemshika kiwiko mpaka mezani. Hapo utaratibu ulikuwa huu: msimamizi anauliza, "Mzee, unamchagua nani?" Opereta anataja jina. Mkewe anatia alama. Msimamizi anachungulia kuhakikisha, mawakala wa wagombea wanakohoa, na mstari mzima uliokuwa kimya unajua Opereta kampa nani. Na jina lenyewe lilikuwa moja siku zote, kwa sababu mgombea udiwani wa kata yao alikuwa kaka wa mkewe, mwenye duka la mbao na mabati. Mtu atatajaje jina jingine mbele ya mke, wakala wa shemeji na jirani? Angetaka kurudi kulala wapi?

Aliyeanzisha mambo ni binti yao, mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili moja alikuja na kijitabu cha katiba akiandaa somo, akawa anajisomea kwa sauti huku baba yake anamenya chungwa. Akafika mahali panaposema kwamba kila raia ana haki ya kupiga kura, na kwamba kura ni ya siri.

"Hebu rudia hapo," Opereta alisema.

Binti akarudia.

"Hawakuandika isipokuwa asiyeona?"

"Hapana, baba. Wameandika kila raia."

"Tazama vizuri. Huwa wanaweka maneno madogo chini."

"Hakuna maneno madogo."

Opereta akaliweka chungwa chini. Akamwambia achukue kalamu.

Barua ya kwanza kwa ofisi ya uchaguzi ilijibiwa baada ya miezi miwili: kwamba Mzee anaruhusiwa kisheria kuja na msaidizi amtakaye. Opereta akamwandikisha binti jibu la mistari miwili: "Sikuomba msaidizi. Niliomba siri." Barua hiyo haikujibiwa kabisa. Basi akahamia kwenye silaha yake. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi alipiga simu ofisi ya uchaguzi, na kila Jumatatu msichana wa mapokezi alimwambia mkurugenzi yuko kwenye kikao.

"Mwanangu," Opereta alimwambia Jumatatu ya tisa, "mimi sentensi hiyo nimeisema miaka ishirini na saba. Kikao hakipo. Niunganishe, kisha toa sikio."

Msichana alicheka, akaunganisha. Mkurugenzi, ambaye hakuwa amezoea kupatikana, alisikiliza. Opereta alimsomea kifungu chote kwa kichwa, akamuuliza kama katika nakala ya ofisini kwake kuna maneno madogo. Ikafahamika kwamba kulikuwa na vibao vya plastiki vyenye matundu ya kutilia alama, vilivyotengenezwa mahsusi kwa wasioona, na vilikuwa vimelala stoo tangu uchaguzi uliopita kwa sababu hakuna aliyeviulizia. Kimoja kingeletwa kituoni kwake.

Habari ilimfikia shemeji kabla ya kibao. Alikuja jioni, akakaa kwenye kiti chenye mto bila kukaribishwa.

"Shem, nimesikia unataka kupiga kura peke yako."

"Umesikia vizuri."

"Dada yangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi ni mimi. Maana mtu asiye na la kuficha hafichi."

"Shem, choo chako kina mlango?"

"Kina."

"Unaficha nini mle?"

Binti alikimbilia jikoni kucheka. Mkewe Opereta, aliyekuwa anapiga pasi pembeni, hakucheka. Shemeji aliondoka na jibu lake mwenyewe, akalitangaza dukani kwake: Opereta atampigia yule muuguzi mstaafu, mpinzani wake, ambaye walifanya kazi naye hospitali moja. Mtaa ukalikubali jibu hilo kwa kuwa lilikuwa rahisi.

Ukweli ni kwamba Opereta hakuwa ameamua. Hapo ndipo penyewe, na watu wengi wenye macho mazima hawakupaona. Anayelazimika kutamka jina mbele ya hadhara hana nafasi hata ya kusitasita. Opereta alikuwa na umri wa miaka hamsini na minne na hajawahi kusitasita hata mara moja katika maisha yake ya uraia. Alitaka kujua kukoje.

Siku ilipofika, kituo kilikuwa darasa la nne, madawati yamesukumwa ukutani. Karani kijana akafungua kibao kutoka kwenye nailoni yake, akaingiza karatasi ya kura ndani, akamsomea majina kwa mpangilio wake, akamwongoza hadi kwenye meza iliyozungushiwa kadibodi. Mkewe alibaki mlangoni na mkoba wake. Ilikuwa mara ya kwanza kwake pia kusimama pale bila kiwiko cha mtu mkononi.

Opereta alipitisha kidole pembezoni mwa kibao. Kikazunguka mara moja, kikasimama.

"Mwanangu, pembe iliyokatwa inatakiwa iwe juu kulia. Umeniwekea kichwa chini. Wa kwanza angekuwa wa mwisho."

Mstari ukacheka. Msimamizi akaja mbio, akasoma maelekezo kwa mara ya kwanza, akageuza kibao, akaomba radhi. Opereta akawaomba wote wawili wasogee. Wakasogea. "Zaidi kidogo," akasema, kwa kuwa alisikia pumzi ya karani. Wakasogea zaidi.

Halafu pakawa kimya, na matundu mawili, na kalamu. La juu shemeji, la chini muuguzi. Alisimama pale muda mrefu hadi msimamizi akaanza kutazama saa. Alimfikiria muuguzi: kila alipopiga simu chini ya ngazi alisema tafadhali, tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Alimfikiria shemeji: domo kaya, ahadi nyingi, bomba la maji aliloliahidi mara tatu. Lakini mwaka paa la darasa hilihili lilipoezuliwa na upepo, shemeji alileta mabati usiku huohuo kabla hajaombwa, na hakuwahi kuyasema kwenye mkutano wowote. Opereta alisitasita kwa raha zake zote. Kisha akatia alama.

Nitasema alipoitia, kwa kuwa mimi sikula kiapo cha mtu: aliitia tundu la juu. Alipigana mwaka mzima apate uhuru wa kumkataa shemeji yake, na alipoupata, akamchagua. Alitoka amenyoosha mgongo kama bwana harusi. Mkewe naye akaingia, akatoka, wakarudi nyumbani.

Shemeji alishindwa kwa kura moja.

Walihesabu mara tatu, mbele ya mawakala, na mara zote tatu ilibaki moja. Kesho yake ukoo ulijaa sebuleni kwa Opereta. Shemeji safari hii hakukaa.

"Kura moja, shem."

"Nimesikia. Pole sana."

"Pole ya nini wakati kisu unacho wewe? Waangalie hawa wote. Huyu namjua, huyu namjua. Dada yangu huyu ndiyo usiseme, damu yangu. Aliyejificha ni mmoja tu."

Mkewe Opereta aliendelea kugawa chai.

Kumbuka kwamba Opereta alikuwa na jibu. Lilikuwa kwenye ulimi, la kweli na tamu, na lingemaliza kesi palepale. Akalimeza. Kazini ndugu wa wagonjwa walizoea kumbembeleza awaambie alichosikia daktari akisema, na hakuwahi kuwaambia hata habari njema. Alijua kwamba ukisema siku ya heri, siku utakayonyamaza watajua ni shari. Akisema leo kwa kuwa jibu linapendeza, uchaguzi ujao ukimya wake utakuwa jibu tayari, na kibao kirudishwe stoo. Tena, nani angemwamini?

"Kura yangu ni ya siri," alisema. "Hata kwako, shem. Hasa kwako."

Shemeji aliondoka na ukoo wake. Tangu hapo mtaani Opereta aliitwa Kura Moja. Fundi wa duka la mbao aliyekuwa akija kumrekebishia mlango hakuja tena. Salamu zilipungua. Simu yake ya nyumbani, ambayo shemeji aliipiga kila Jumapili kutaka kusikia tu mambo yanaendaje, ilikaa kimya Jumapili moja, ya pili, ya sita. Opereta aliyepokea simu za watu wote wilayani alikaa karibu na simu yake mwenyewe na haikulia. Iliuma. Alimpenda yule domo kaya.

Kilichomuuma zaidi ni nyumbani. Mkewe hakumlaumu, hakumuuliza, hakumtetea pia. Alimwekea chakula, alimpigia pasi mashati, na alikuwa mpole kupita kawaida, upole wa mtu anayemhudumia mgonjwa. Opereta aliuchukua upole huo kuwa ni maumivu: mwanamke ambaye mumewe amemwangusha kaka yake, na bado anamnyooshea kola. Kwa ukoo aliweza kunyamaza hadi kiama. Kwa huyu aliyemshika kiwiko chaguzi tano, katiba na iseme itakavyo, ilimshinda.

Jumapili ya saba, alasiri, binti alikuwa ametoka. Mkewe alikuwa anapiga pasi mashuka ya hospitali aliyoyaleta nyumbani. Opereta alizima redio.

"Mama," alisema. "Nimefikiri sana. Nataka kukwambia nilimpigia nani."

Pasi ikasimama.

"Usiniambie," mkewe alisema.

"Ni jambo litakalokufurahisha."

"Usiniambie, nakuomba."

Sauti hiyo aliijua, ingawa si kutoka kwake. Aliisikia mara nyingi chini ya ngazi, kwa watu waliopiga simu na kuishia kuvuta pumzi.

"Kwa nini?"

Aliisikia pasi ikiwekwa wima, na kitambaa kikikunjwa mara mbili, polepole kuliko kinavyokunjwa kitambaa.

"Kwa sababu ukiniambia," mkewe alisema, "itabidi na mimi nikuambie."