Mama aliyekuwa na haraka

Siku ya soko, malori mawili hutupeleka Masisi kutoka Kashebere. Juzi lilikuja moja. Tulijibana juu ya magunia ya muhogo mpaka dereva akamzuia mama mmoja mwenye kitunga cha maharage.

"Mama, motokari imejaa. Ngoja ya juma ingine."

Mama akajitwika kitunga chake, akashika njia kwa miguu.

Kila mlima tulishushwa kusukuma lori kwenye matope. Mlima wa tatu, mama huyo akatupita. Dereva akaona haya.

"Mama, panda sasa. Nafasi iko."

Akatutazama, sisi wenye tope mpaka magotini.

"Aksanti, papa. Leo niko na haraka."

Ningemfuata, lakini nafasi yangu nilikuwa nimeigombania kwa viwiko. Mtu haachii nafasi kama ile hivi hivi.