Mtani Niliyemkuta Sevilla

Mie kusoma sikusoma sana, lakini na uongo pia sikufundishwa. Kisa hiki kimenikuta mwenyewe. Ila ngoja kwanza nianze na Mzee Kibwana, maana bila yeye hutanielewa.

Mzee Kibwana alikuwa jirani yangu Mbagala, Mzaramo, mguu mmoja mfupi. Alipokufa, mie bado nilikuwa na nguvu zangu. Na mie ni Mnyamwezi, mtani wao, kwa hiyo msibani nilikuwa na kazi. Nikavaa koti la marehemu, nikashika bakora yake, nikatokea uani nachechemea vile vile, nakohoa kikohozi chake: "Chai yangu iko wapi, enyi wavivu?" Watu wakaangua kicheko. Mjane wake, aliyekuwa amekauka kama jiwe tangu asubuhi, naye akacheka, kicheko kikageuka kilio. Wazee wakasema, haya, sasa amezika. Ndiyo kazi yetu hiyo. Mtani anamwigiza maiti ili waliobaki wakubali kwamba kaondoka. Aliye hai haigizwi hivyo, ni uchuro.

Miaka ikapita, nikahamia Charambe, jirani na Bi Mwanahawa, Mzaramo muuza vitumbua. Mwanawe wa pekee, Shabani, alikuwa ameshaondoka zamani kwenda Ulaya kwa njia za panya, na habari zake zikakatika. Mie sikuwahi kumwona. Shehe alitaka kijana asaliwe sala ya ghaibu, ile ya maiti aliye mbali, mama akakataa katakata. Ukimwambia pole, anakufukuza na mwiko: "Pole ya nini? Nimefiwa mie?" Alikuwa anasubiri habari tu. Habari yoyote.

Sasa huko Uhispania nilifikaje? Binti yangu anafanya kazi ya kutunza wazee katika mji unaoitwa Sevilla, akanitumia tiketi nikatembee kabla sijafa. Yeye mchana yuko kazini, mie nazurura peke yangu, karatasi ya anwani imebanwa mfukoni kwa pini kama mtoto wa chekechea. Nimeona kanisa kubwa ajabu, mnara wake hauna ngazi, unapanda mteremko unaozunguka mpaka kwenye kengele. Eti zamani walipanda na farasi. Magoti yangu yalimshukuru aliyewaza hivyo. Lakini kilichonishangaza zaidi ni machungwa. Michungwa imepandwa barabarani, imezaa mpaka yanadondoka, na hakuna anayeokota! Fikiria ingekuwa Rangi Tatu, kule kwetu Mbagala. Yangelala chini yale?

Siku hiyo, adhuhuri imepita, maduka yamefungwa, maana wale watu hulala mchana. Mtaa mzima kimya. Wazee wa Pwani walikuwa wakitukataza kuzurura saa saba mchana, kwamba si usiku peke yake wenye wenyewe. Nilikumbuka? Wapi! Nikaokota chungwa, nikaanza kulimenya.

"Shikamoo mzee. Usile hilo, chungu kama shubiri."

Kiswahili! Nikageuka. Kijana mwembamba, ndevu hazijaota sawasawa, shati jekundu, mfuko wake umeshonwa kwa uzi mweusi. Suruali imelowa chepechepe, na mvua hakuna.

"Marahaba. Kumbe huku kuna watu wa kwetu!"

"Mnyamwezi wewe, lafudhi haijifichi. Babu zenu walifika Pwani na mizigo ya watu kichwani. Wewe huku umembebea nani?"

"Na wewe Mzaramo nani kakuita? Huku hakuna ngoma wala minazi!"

Tukacheka, wallahi, nikasahau baridi. Akasema anaitwa Shabani, kwao Charambe, mama yake anauza vitumbua.

"Bi Mwanahawa? Mtoto wewe, mama yako anakusubiri!"

Akainama. Nikamshika mkono, baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. "Twende kwa binti yangu, kuna ugali."

"Nimeshiba, mtani. Maji nimekunywa mengi mno."

"Basi nimpelekee nini mama?"

"Nifanyie kazi yako tu. Kazi ya mtani. Nimechoka kusubiriwa."

Akaondoka kuelekea daraja la mto wao, mguu wa kushoto anaukokota, mikono imeinua suruali juu ya magoti kama mtu anayevuka maji. Nikaita, nikaita. Hakugeuka.

Niamini, nilirudi Dar nimebeba furaha tupu. Sanduku sijafungua, nikaingia uani kwa Bi Mwanahawa. "Shabani nimemwona! Mzima!" Mwiko ukamdondoka. Majirani wakaja, vigelegele vikapigwa.

"Kweli mtani? Usinichezee."

"Nimchezee mwenye mafuta ya moto?"

"Haya nionyeshe. Anatembeaje mwanangu?"

Basi furaha ilinipofusha. Nikavua viatu, nikakunja suruali juu ya magoti, nikakokota mguu wa kushoto kuzunguka uwanja. Wanawake wakacheka. Mama naye akacheka. "Ndiye! Ndiye huyo! Kavaa nini?"

"Shati jekundu, mfuko una uzi mweusi."

Akaacha kucheka. "Mfuko huo nilimshonea mie usiku alioondoka. Na ndevu?"

"Hazijaota sawasawa."

Akauokota mwiko wake.

"Mtani," akasema, "aliondoka hivyo hivyo. Leo angekuwa mtu mzima ana watoto wake."

Nikabaki nimeshika suruali yangu, mguu mmoja mbele. Hapo ndipo nikajua nilichokuwa nafanya katikati ya uwanja ule. Bi Mwanahawa akaepua kikaango, akazima moto, akakaa chini akanyoosha miguu.

"Kazi umeifanya. Haya, nipe pole yangu."

Nikampa.

Sala ikasaliwa. Watu wananiambia nimemsaidia, siku hizi analala. Labda. Lakini mie nilimpelekea mwana nikamnyang'anya papo hapo. Msibani sichezi tena utani, wakinipa koti la marehemu nalirudisha. Na wewe unayesafiri, ukikutana na mtu wa kwenu ugenini, mchana, mtaa kimya, msalimie, cheka naye. Ila akikupa mzigo, uliza ni wa nini kabla hujaubeba.

Siku ile nilivaa viatu nikatoka uani polepole, nauchunga mguu wa kushoto usijikokote. Sijarudi tena pale.