Picha Bado Mbichi

Mpiga picha wa mtaa wetu, hapa Bagamoyo, humwinua mteja kidevu kwa kidole kimoja, humwambia asipumue, kisha hubonyeza mara moja tu. Ukiomba ya pili hukutazama kana kwamba umemwomba figo. Filamu aliiacha aliponunua kamera ya dijitali, lakini mkono wake haujapata habari: kila baada ya picha, kidole gumba husukuma kijiti cha kusogezea filamu ambacho kamera hiyo haina. Picha hutoka kwenye printa zikiwa kavu, naye huzianika kambani kwa vibanio, na hapiti chini yake bila kuinama, asije akadondokewa na maji.

Juma lililopita alimwalika jirani yake, Bi Zuwena, aliyekuwa tayari kuuza kiwanja chake cha Mapinga ili awe mbia katika studio ya mpiga picha huyo, aliyoiita ya kisasa. Nilikuwapo, nikisubiri picha yangu ya paspoti ikauke. Alimpiga picha kwa heshima zote. Bi Zuwena akanyoosha shingo aione kwenye kioo cha kamera. Mpiga picha akaifunika kamera upesi kwa kitambaa cheusi.

"Utaiunguza kwa mwanga, Bi Zuwena. Njoo Alhamisi."

"Si ulisema ya kisasa huonekana papo hapo?"

"Inaonekana," alikiri kwa sauti ya chini, "lakini bado mbichi."

Bi Zuwena aliichukua mezani hati ya kiwanja chake, aliyokuja nayo.

"Basi na hii nirudi nayo nyumbani, bwana. Nayo bado mbichi."

Mpiga picha aliafiki kwa dhati, akamchagulia kibanio kizuri cha kuianikia.